Motakaa Ndogo za Zamani na Mafundi wa Kariakoo

Mtu apitaye leo katika mitaa ya Gerezani au Kariakoo, mjini Dar es Salaam, huenda akaona kando ya njia motakaa ndogo ya miaka ya 1960 au ya 1970, yenye milango minne na buti nyuma. Imepakwa rangi mpya, vyuma vyake vyang'aa, na kiooni pamebandikwa karatasi yenye neno moja tu: INAUZWA. Vijana wa siku hizi husema gari. Lakini wazee wetu walisema motakaa, nasi tutalitumia jina hilo la wazee, kwa kuwa habari hizi ni zao.

Mnunuzi akiisimamia motakaa hiyo huuliza bei, tena huuliza kama injini ni nzima. Ni mara chache aulizapo ni nani aliyeifufua. Na kumbe jibu la swali hili ndilo lingalimwonyesha kama bei ni ya haki na kama injini ni nzima kweli. Basi, ndugu wasomaji, twataka kuonyesha katika kurasa hizi ya kuwa motakaa ya namna hii, ijapokuwa iliundwa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa au Japani, imekwisha kuwa kazi ya mikono ya watu wa mji huu. Na ya kuwa habari zao yafaa ziandikwe kabla hazijapotea.

I. Vichwa na mabega

Tuanze na jina la Kariakoo lenyewe. Wadachi walijenga mahali hapo jengo la soko, wakakaribia kulitumia katika mwaka wa 1914; lakini vita vikaingia, soko lisifanye kazi iliyokusudiwa. Waingereza walipoutwaa mji katika mwezi wa Septemba 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps. Ndimi za watu zikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo, nalo limekaa hata leo.

Wapagazi hao walichukua risasi, unga na dawa kwa vichwa na mabega yao, kwa sababu njia zipitikazo kwa motakaa zilikuwa chache, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na ndorobo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi wao waliuawa na maradhi, si risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini katika mwaka wa 1927, yawakumbuka wao pamoja na askari waliopigana.

Hata motakaa ya kwanza iliyovuka Afrika kutoka bahari hadi bahari ilitegemea nguvu za watu. Katika mwezi wa Agosti 1907 Mdachi mmoja, jina lake Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motakaa, akafika Swakopmund, pwani ya bahari ya magharibi, katika mwezi wa Mei 1909. Safari ilichukua karibu miezi 21. Motakaa ilipokwama katika matope au mchanga, watu wa nchi waliivuta kwa kamba na kuisukuma. Jina la Graetz limeandikwa vitabuni, lakini majina ya wale walioivuta hayakuandikwa. Msomaji na alishike neno hili, kwa maana tutalirudia.

Baada ya vita Waingereza waliugawanya mji kwa sheria za ujenzi. Wazungu walikaa upande wa baharini, Wahindi katikati, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ndiko Kariakoo. Gereji kubwa zilikuwa za Wazungu na za Wahindi. Lakini jioni wale waliofanya kazi humo, waliopewa kushika taa, kuosha vyuma kwa mafuta na kumpa fundi spana, walirudi nyumbani Kariakoo. Wengine walianza kuwa taniboi wa malori, wakaweka mawe chini ya magurudumu milimani, wakajifunza kuziba tairi porini usiku, hata wakawa madereva na mafundi. Ujuzi ulivuka Mnazi Mmoja pamoja nao, wala hakuna aliyewapa cheti.

II. Motakaa ndogo zilivyoingia

Katika mwaka wa 1948 kiwanda cha Morris huko Uingereza kilitoa motakaa ndogo iliyoitwa Morris Minor, iliyobuniwa na Alec Issigonis. Hata ilipoachwa kuundwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilikuwa zimetoka zaidi ya 1,600,000. Ilikuwa motakaa ya mtu wa kipato cha kadiri: haikunywa petroli nyingi, na vyombo vyake vilikuwa vyepesi kufunguliwa. Wadachi nao walileta Volkswagen yenye mgongo wa mviringo kama wa kobe. Injini yake ilikuwa nyuma, ikapozwa kwa upepo, wala haikuhitaji maji. Katika nchi ya jua kali, ambako radieta ikipasuka njiani ni msiba, jambo hilo lilipendwa sana. Volkswagen za namna hiyo ziliendelea kuundwa hata mwaka wa 2003 huko Meksiko, zikapita milioni 21.

Watu wa Afrika Mashariki hawakuzipima motakaa kwa maneno ya matangazo. Walizipima kwa mashindano ya Safari. Mashindano hayo yalianza katika mwaka wa 1953, yakapita katika njia za vumbi na matope za Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda katika mwaka wa 1957 na tena 1962. Kisha ikaja Peugeot 404 ya Wafaransa, ikashinda katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika ushindi wa 1966 na wa 1967 aliyeishika usukani alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na mwenziwe Chris Rothwell. Katika mwaka wa 1970 Datsun ya Japani ikatwaa nafasi ya kwanza. Basi watu wakasema: iliyovumilia Safari itavumilia na njia ya kwetu.

Ndipo zilipoongezeka motakaa ndogo za Kijapani, kama Toyota Corolla, iliyoanza kuundwa katika mwaka wa 1966, na Datsun 1200, iliyotoka katika mwaka wa 1970. Injini ya Datsun hiyo ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,171 tu. Fundi aliweza kufungua boneti, akaona ardhi kati ya injini na bodi, akaingiza mkono wake wote. Msomaji asilidharau jambo hilo, maana motakaa itengenezekayo kwa mkono na spana chache ndiyo iliyoweza kuishi miaka 50 katika mji wetu.

III. Miaka ya shida

Azimio la Arusha la mwezi wa Februari 1967 liliwakataza viongozi kujitajirisha kwa kupangisha nyumba, kwa kuwa na hisa katika makampuni na kwa kupokea mishahara miwili. Katika zamani zile motakaa ilikuwa alama. Wenye makuu waliopanda Mercedes-Benz waliitwa na watu Wabenzi, wala jina hilo halikuwa la sifa. Motakaa ndogo haikumletea mwenyewe jina baya. Ilikuwa ya mwalimu mkuu, ya mganga, ya karani aliyeweka akiba miaka mingi, au ya dereva wa teksi.

Kisha shida zikafuatana. Katika mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Katika mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Katika mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita vile viliila hazina ya nchi. Katika mwaka wa 1979 mafuta yakapanda bei tena. Fedha za kigeni zikawa haba, na motakaa mpya au vipuri vyake vikawa havipatikani ila kwa kibali na kwa kungoja. Kuna wakati hata kutembeza motakaa ya mtu binafsi Jumapili mchana kulikatazwa, ili petroli isiteketee bure. Mabasi ya UDA, shirika lililoundwa katika mwaka wa 1974, hayakutosha watu, na vituoni umati ulisimama tangu alfajiri.

Katika taabu hiyo ufundi wa Kariakoo ulipevuka. Zilizuka gereji nyingi zilizoitwa gereji bubu, yaani zisizo na leseni wala kibao: chini ya mwembe, uani kwa mtu, au kando ya ukuta. Kipuri kisipopatikana dukani kilichongwa. Fundi wa mashine ya kukereza alipewa bushi iliyolika, akaipima, akatoa mpya kwa kipande cha shaba. Gasketi ilikatwa kwa mkasi katika karatasi ngumu. Springi iliyovunjika ilipelekwa kwa mhunzi. Kabureta ya motakaa moja ilifungwa katika nyingine, baada ya kutengenezewa kitako chake. Waliotoka nchi za mali walishangaa kuona motakaa waliyoizika kwao ikipita hapa, imejaa abiria.

Katika miaka ile ile soko jipya la Kariakoo lilijengwa, lenye paa kama miavuli mikubwa, nalo likafunguliwa na Rais Nyerere katika mwaka wa 1975. Msanifu wake, Beda Amuli, ajulikana, naye astahili sifa. Hata baada ya moto wa mwezi wa Julai 2021, ulioliteketeza sehemu kubwa, watu walilitaja jina lake. Lakini ni nani atakayetutajia majina ya wale waliochonga bushi za Datsun na kuufanya mji uende kazini?

IV. Jinsi motakaa ifufuliwavyo

Wengi hudhani ya kuwa kuifufua motakaa ni kuipaka rangi. Sivyo. Rangi ni kazi ya mwisho, nayo ndiyo iwezayo kusema uwongo.

Wa kwanza ni fundi bodi. Upepo wa bahari ya Dar es Salaam una chumvi, na chumvi huleta kutu. Kutu hujificha chini ya mazulia, katika mikunjo ya milango na juu ya magurudumu. Katika Volkswagen hujificha chini ya kiti cha nyuma, mahali ikaapo betri. Fundi mwema hukata bati lote lililooza hata afike penye chuma kizima, kisha hukata bati jipya kwa kipimo, akalichomelea, akalinyoosha kwa nyundo. Fundi wa haraka hujaza tundu kwa puti, akapiga msasa, akapuliza rangi. Siku ya kwanza kazi hizi mbili hazitambulikani. Baada ya masika mawili ya pili huvimba, ikapasuka kama jipu.

Wa pili ni fundi wa injini. Huifungua yote, akaipanga juu ya turubai kwa taratibu, kila nati mahali pake. Silinda zikiwa zimelika hupelekwa kupanuliwa, zikatiwa pistoni na ringi za kipimo kikubwa zaidi. Hapa pana jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, nayo yalikinga viti vya valvu katika injini nyingi za zamani zenye kichwa cha chuma, kama ile ya Morris Minor. Petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara hata mwisho wa mwaka 2005, kwa kuwa moshi wake uliwadhuru watu, na watoto zaidi. Ni jambo jema kwa afya. Lakini injini ya namna hiyo isiyotiwa viti vigumu hulika polepole ikitembezwa mbio safari ndefu. Fundi ajuaye hubadili viti hivyo. Asiyejua hung'arisha kifuniko cha juu tu.

Kisha huja fundi umeme, abadiliye waya zilizokauka, kwa maana waya kuukuu ndizo ziunguzazo motakaa. Huja fundi wa breki, kazi ambayo yapasa kuwa ya kwanza kwa heshima. Huja mshonaji wa viti. Mwisho huja mpuliza rangi, afanyaye kazi asubuhi kabla ya upepo na vumbi. Vipuri, au spea kama wasemavyo watu wa Kariakoo, hutafutwa duka kwa duka katika mitaa ya Gerezani na Shaurimoyo. Mara nyingine hupatikana kwa mzee mmoja aliyeviweka katika kopo miaka 30, akingoja mtu atakayevihitaji.

Hivyo motakaa moja ndogo hupita katika mikono ya watu sita au saba, na kazi huchukua miezi, pengine miaka. Lakini katika kadi ya motakaa pameandikwa jina la mwenye mali, namba ya chesi, namba ya injini na rangi. Majina ya hao sita au saba hayamo.

V. Kuuza na kununua kwa haki

Katika Kariakoo biashara hupita kwa dalali, naye hula kwa kuuza. Si dhambi kuwa dalali. Lakini dalali husifu kilichoko mbele ya macho, na ubaya wa motakaa ya zamani hauko mbele ya macho. Kwa hiyo twawapa wasomaji maneno machache ya kuwasaidia.

Chukua sumaku ndogo, uifunge katika kitambaa laini ili isikwaruze rangi, uipitishe juu ya bodi. Penye chuma itashika, na penye puti nyingi itaanguka. Inua mazulia ukaone sakafu. Fika asubuhi, kabla injini haijawashwa, maana injini yenye moto huficha ubaya wake. Ikiwaka, utazame moshi: wa rangi ya buluu waonyesha ya kuwa injini yala oili, mweupe usiokoma, ikiwa injini ni ya maji, waonyesha ya kuwa maji yaingia katika silinda, mweusi waonyesha petroli iliyozidi. Kisha linganisha namba ya chesi na ya injini na zile zilizoandikwa katika kadi. Zisipolingana, usitoe hata shilingi kabla ya kupata maelezo yaliyothibitishwa na wenye mamlaka. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na jina libadilishwe katika ofisi za mapato bila kukawia. Maana wako wanunuzi waliotembea na jina la mtu mwingine miaka mingi, hata mwenye jina akafa, na warithi wakaja kuidai.

Nawe muuzaji, neno letu kwako ni hili: taja kilichofanywa na kisichofanywa. Ukimwambia mnunuzi, "Injini ni mpya, lakini gia ya pili yapiga kelele," atakuamini juu ya injini kwa sababu ya gia. Tena mpe majina ya mafundi. Fundi aliyefanya kazi safi hatachukia kuulizwa. Yule ambaye muuzaji hataki aulizwe ndiye mwenye kujaza puti. Na ikiwa mafundi wale hutajwa katika kila mauzo, basi fundi mwema atapata ujira wa wema wake, na wa haraka atajirekebisha au atakosa kazi. Siku hizi wote wawili hulipwa sawa, kwa kuwa rangi huwafunika wote wawili.

VI. Ujuzi usipotee

Katika mwaka wa 1984 serikali ililegeza sheria, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuleta bidhaa. Katika miaka ya 1990 motakaa zilizokwisha kutumiwa Japani zilimiminika bandarini, na waalimu na makarani wakaanza kuzinunua. Neema hiyo ilikuwa kubwa, wala hatuisemi vibaya. Lakini motakaa hizo mpya zina ubongo wa umeme, na fundi huzipima kwa mashine, kisha huvua kipuri kizima akaweka kingine. Kijana ajifunzaye leo huenda asiguse kabureta hata siku moja. Wazee wajuao kusikiliza injini na kusema, "Pointi zimefunga," wamekwisha kupungua, na kila mwaka twawazika wengine.

Wako waliokwisha kuitambua thamani ya kazi hii. Tangu mwaka wa 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya motakaa za zamani, yaliyorudisha njiani Datsun, Peugeot na nyingine zilizodhaniwa kuwa zimekufa. Katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam zimehifadhiwa motakaa zilizotumiwa na viongozi wa nchi, pamoja na Rolls-Royce. Ni vema. Lakini makumbusho huhifadhi motakaa ya mkubwa kwa sababu mkubwa alipanda. Motakaa ndogo ya mwalimu haina wa kuihifadhi ila fundi na mnunuzi.

Basi twawaomba walimu wa shule, na wazazi katika mitaa, jambo lililo jepesi. Mkiwa na mzee aliyefanya kazi katika gereji za Gerezani, za Kariakoo au za Ilala, mtumeni kwake mwanafunzi mwenye daftari. Na aandike jina lake, jina la aliyemfundisha, mwaka alioanza, na kazi aliyoijua. Amwulize pia jinsi walivyochonga vipuri katika miaka ile ya shida, hatua kwa hatua, kwa maana vyuo vyetu vya ufundi vyaweza kuitumia hekima hiyo hata leo. Daftari hilo liwekwe shuleni, wala lisipelekwe mbali lisikoonekana tena.

Nanyi mnaoifufua motakaa ya zamani ili kuiuza, andikeni karatasi moja, muiweke pamoja na kadi: bodi ilichomelewa na fulani, injini ilifunguliwa na fulani, waya zilifungwa na fulani, rangi ilipulizwa na fulani, katika mwezi na mwaka fulani. Mnunuzi ajaye aikute, naye aongeze majina ya mafundi wake. Haigharimu kitu ila kalamu na uaminifu, na wale wasioandikwa katika kadi watakuwa wameandikwa.